Mtoto Analilia Jina

Mimi na mama watoto tulishakubaliana mapema: akiwa wa kiume, ataitwa Brian. Mimi Mjaluo wa Rorya, mwenzangu Msukuma wa Magu. Tukianza kupekua mababu wa pande zote mbili tungefikishana kwa wazee. Brian hana ukoo wala kaburi, na hakuna mtu atakayekuja kumdai.

Brian akaja, na kilio chake. Ananyonya huku analia, akimaliza analia kwa nguvu mpya aliyoipata kwenye maziwa. Zahanati wakasema hana homa, ni chango tu, litapita. Jirani akatuletea mvuje, tukamfunga mkononi. Nyumba ikanuka hadi paka akahama. Brian hakujali.

Nikampigia simu shangazi kijijini. Hata habari za homa hakuuliza.

"Mmempa jina gani?"

Nikamtajia. Kukawa kimya, nikadhani salio limekwisha.

"Baba, huyo mtoto analilia jina."

Kesho yake tu yuko Nyakato, Mwanza, tunakoishi, ameshuka kwenye basi la Sirari na kuku mmoja na mfuko wa dagaa.

Kwetu mtoto ana jina la wakati aliozaliwa. Wa usiku ni Otieno, wa jua kali Ochieng, wa mvua Okoth. Hilo halina ugomvi. Ugomvi uko kwenye jina la marehemu, kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye anayejichagulia mtoto. Atakuja ndotoni kwa mtu, au atamliza mtoto mpaka wazee wamtaje. Akitajwa, mtoto ananyamaza.

Jioni hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Joto la Mwanza chini ya bati, feni imesimama, jasho linatutoka. Shangazi akampakata mtoto, akaanza kuita mahudhurio ya makaburini.

"Kama ni wewe baba Onyango, nyonya unyamaze."

Kilio.

Alianza na waheshimiwa: aliyekuwa mzee wa kanisa, aliyepigana Burma, aliyesomesha watoto wa ndugu zake. Hakuna aliyeitikia. Mke wangu akapenyeza babu yake mmoja wa Magu, taratibu, shangazi akajifanya anakohoa. Wazee wema wakaisha. Shangazi akashusha pumzi, akatazama mlango kana kwamba anahofia kuna anayesikia.

"Basi… kama ni wewe Okech…"

Taa zikawaka. Feni ikazunguka. Upepo ukampiga mtoto usoni, akashtuka, akanyamaza, akashika ziwa, akalala. Nje mtaa mzima ukalipuka kwa shangwe: "Umerudiii!"

"Mnasikia?" shangazi akasema, machozi yanamlengalenga. "Hata majirani wamemtambua."

"Shangazi, ni feni. Umeme umerudi."

"Na huo umeme umerudishwa na nani?"

Sasa, Okech. Huyu ndiye babu ambaye kwetu akitajwa watu wanaanza kuzungumzia hali ya hewa. Alikopa mtumbwi, akakopa nyavu, akakopa ng'ombe wa kuolea mke wa tatu, kisha akafariki mwaka wa vita vya Kagera bila kurudisha hata kamba. Marehemu wengine watu huwaombea wapumzike. Yeye walimwombea arudi.

Nyumbani mambo yakageuka. Shangazi alimwambia mke wangu kwamba huyo sasa ni mkwe wake, haitwi jina kavukavu na hakaripiwi. Usiku nikawa naamshwa na sauti ya adabu: "Baba, samahani, naomba nikugeuze nikubadilishe nepi." Mimi mwenyewe nikijilaza kitandani kwa uchovu naambiwa nimsogelee mzee kwa heshima. Ila kusema ukweli, kilio kilipungua. Shangazi aliondoka akiwa mshindi, na habari akaenda nazo Rorya yote.

Haikuchukua muda, mzee mmoja akabisha hodi. Bakora mkononi, kofia kichwani, vumbi la safari hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Okech yuko wapi?"

Tukampeleka chumbani. Akavua kofia, akainama juu ya chandarua.

"Okech, karibu tena. Mimi ni mtoto wa mwenye mtumbwi. Baba aliniachia maneno, kwamba siku utakayoonekana nikuulize."

Mtoto akamkazia macho. Akapiga mwayo mrefu, akageuza uso ukutani, akasinzia.

Mzee akapiga kofi pajani. "Ni yeye! Ni yeye kabisa! Hata zamani ukimtajia deni alikuwa anashikwa na usingizi!"

Akacheka mpaka akakohoa. Akavaa kofia yake, akavuta kigoda, akaketi, akanigeukia mimi.

"Na wewe ndiye unayemlisha?"