Na wasio mawakili je?

Makala imewasifu mawakili wa shirika linalotetea wahamiaji Marekani, na sifa wanastahili. Lakini mwandishi amewaruka wakalimani, wasaidizi wa mawakili na watu wa mapokezi kana kwamba hawapo.

Chukueni ombi la hifadhi, yaani la mtu anayeomba alindwe Marekani kwa sababu anaogopa kuteswa kwao. Kule sheria inataka liwasilishwe ndani ya mwaka 1 tangu mtu aingie nchini, isipokuwa ana sababu zinazokubalika. Anayeshtuka kwamba mteja amebakiza wiki mbili mara nyingi ni yule anayepokea simu. Mkalimani naye akiteleza kwenye tarehe moja tu ya maelezo, wakili wa serikali ataing'ang'ania hiyo hiyo kuonyesha mteja ni mwongo.

Halafu kuna mchangiaji hapo juu anayemkejeli mfanyakazi wa shirika hilo: "Huyu si wakili, anafanya nini mahakamani?" Ndugu, kwenye kesi za jinai Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1963 kwamba asiye na uwezo apewe wakili. Mahakama za uhamiaji hazina haki hiyo, hata kwa mtoto. Kwa hiyo Wizara ya Sheria huwaidhinisha watu wasio mawakili, wanaofanya kazi kwenye mashirika yasiyo ya faida inayoyatambua, wawawakilishe wahamiaji. Mwenye idhini kamili anasimama mbele ya jaji. Matapeli wanaojiita "notario" (neno la Kihispania la mthibitishaji wa nyaraka) na kuuza fomu ni watu wengine kabisa, na hao (samahani kwa ukali) ndio wa kukejeliwa.

Mhariri, mtakaporudi pale, mhojini mkalimani.