Laptopu ya Mjomba Ilivyompigia Mama wa Watu Mluzi

Mjomba wangu alipewa laptopu na ofisi moja iliyokuwa ikitoa vifaa vyake chakavu. Mwaka ulikuwa 2001, laptopu bado ina Windows 95 na uzito wa tofali. Mimi niliitwa kama mtaalamu, maana kwenye ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyewahi kuonekana nikichapa barua.

"Mpwa wangu, leo hatulali mpaka tuingie kwenye intaneti."

Modemu, yaani kifaa cha kuiingiza kompyuta kwenye intaneti kupitia laini ya simu, ilikuwa kadi nyembamba inayochomekwa ubavuni, na waya wake wa simu ulikuwa umevunjika kile kishikizo cha plastiki. Ukiuachia tu, unachomoka. Mjomba akaubana kwa selotepu, juu yake akalaza kitabu cha simu. Ncha ya pili tukaichomeka ukutani, sambamba na simu ya mezani.

Jaribio la kwanza, laptopu ikadai laini haina mlio. Wakati huo ukiinua mkono wa simu unausikia unavuma vizuri kabisa! Modemu zina kiburi hicho: iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine inaweza isiutambue mlio wa kwenu. Dawa yake ni kuondoa alama ya tiki kwenye "subiri mlio kabla ya kupiga". Tukaiondoa. Ikapiga. Kispika chake kidogo kikatusikilizisha tarakimu, kisha mwito, kisha sauti ya mama mtu mzima.

"Haloo?"

"Wamepokea!" Mjomba akainamia kibodi. "Shikamoo mama. Naomba intaneti."

Laptopu haina maikrofoni. Mama aliyepokea hakusikia salamu wala ombi. Alichosikia ni modemu yetu ikiita modemu mwenzake: tiii... kimya... tiii...

"Nani huyo anayenipigia mluzi?"

"Ni mhudumu wao," Mjomba akaninong'oneza. "Mkali kidogo."

Sekunde 60 zikaisha, laptopu ikakata. Ikapumzika kidogo, ikapiga tena yenyewe, kwa sababu ndivyo ilivyopangwa: usipopata, rudia. Mama akapokea tena. Tiii. Safari hii alitaka kujua kama huyo anayepiga mluzi ana mama yake, na kama anaye, amemlea vipi. Raundi iliyofuata aliingia hadi kwa bibi.

Hapo Mjomba akaelewa kwamba kampuni ya intaneti haiwezi kuwa na mhudumu wa namna ile. Akakimbilia simu ya mezani na kuinua mkono wake huku mama bado yuko hewani.

"Shikamoo mama! Samahani sana, si mluzi, ni kompyuta."

"Marahaba. Kompyuta ya nani?"

Alipoanza kueleza, muda wa laptopu ukaisha tena. Ikaachia laini, ikaipokea upya, na kwa kuwa tulishaikataza kusubiri mlio, ikabonyeza tarakimu zote moja kwa moja kwenye sikio la mama wa watu.

"Baba," mama akasema taratibu, "niandikishe namba yako ya simu."

Mjomba, mtu wa adabu, akamtajia.

Nikachomoa waya na kufungua mipangilio. Palikuwa na kisanduku kimeandikwa: kupata laini ya nje, piga kwanza 9. Ile 9 ilikuwa ya ofisini ilikotoka laptopu. Nyumbani haikuwa na laini ya nje ya kutafuta, basi ikajiunga mwanzoni mwa namba, tarakimu ya mwisho ikakosa nafasi, na simu ikatua kwa mama.

Nikaifuta. Safari hii modemu mbili zikasalimiana kwa kelele zile za bati linalokwaruzwa, tukaunganishwa kwa biti 28,800 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo picha ya kilobaiti 200 hula karibu dakika nzima. Mjomba akavuta kiti. Ukurasa wa habari ukafunguka na picha ikaanza kushuka mstari kwa mstari: anga, nywele, paji la uso la mtu tusiyemjua bado.

Sasa, laini ya Mjomba ilikuwa na ile huduma ya kukustua kwa mlio kwamba kuna mtu mwingine anakupigia. Sisi binadamu mlio huo tunauvumilia. Modemu huwa inakata.

Picha ikagandia kwenye nyusi. Simu ya mezani ikalia, Mjomba akapokea.

"Haloo, baba. Nilikuwa naulizia ile mashine, imeshapona?"

"Ilikuwa imepona, mama," Mjomba akajibu, macho kwenye zile nyusi. "Mpaka ulipopiga."