Siku 12 ni nyingi kwa mlima ulioanza kukimbia
Tangu Sentinel-1 ya kwanza, setilaiti ya rada ya Ulaya, irushwe mwaka 2014 na picha zake kutolewa bure, wengi wameanza kuviona vifaa vinavyofungwa mlimani kupima dalili za maporomoko kama mambo ya kale. Ya nini kumpandisha mtu kwenye mteremko wa hatari, wakati rada iliyo angani inaona ardhi ikisogea milimita chache kwa mwaka?

Hoja hiyo ina uzito. Milima ni mingi kuliko vifaa, na mteremko usioshukiwa haufungwi chochote. Setilaiti pia hutunza kumbukumbu: mteremko wa Mud Creek huko California, ulioporomoka Mei 2017 na kufukia barabara kuu ya pwani, picha za rada zilionyesha kuwa ulikuwa ukitambaa kwa takriban miaka 8.

Ila zilichambuliwa kwa kina baada ya barabara kwisha kufukiwa.

Setilaiti moja ya Sentinel-1 hurudi mahali palepale kila baada ya siku 12. Zikiwa mbili, siku 6. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 5.6 hivi, kwa hiyo kila ardhi inaposogea sentimita 2.8 kuikaribia au kuikimbia setilaiti, hesabu huanza upya. Ikisogea sana kati ya picha mbili, rada haijui ni mizunguko mingapi ya wimbi imepita. Maana yake ni nzito: mlima ukitambaa, setilaiti inauona vizuri, ukianza kukimbia, inaupoteza. Na watu hufa unapokimbia. Kwenye msitu mnene hali ni mbaya zaidi, maana majani yanayobadilika huvuruga picha.

Sasa tazama waya wa chuma uliovutwa kati ya vigingi viwili, kila kimoja upande wake wa ufa. Unaweza kusomwa kila dakika chache, usiku, mvua ikinyesha. Mwaka 1985 mtafiti Mjapani Fukuzono alionyesha kwamba ukigawa 1 kwa kasi ya mlima unavyosogea na kuchora majibu yake, mstari hushuka kuelekea sifuri kadiri saa ya kuporomoka inavyokaribia. Kuchora mstari huo kunataka vipimo vya karibu karibu. Kijiji cha Brienz, Uswisi, kilihamishwa Mei 2023 kwa vipimo vya rada iliyosimikwa ardhini na vioo vya kuakisi miale ya kupimia vilivyofungwa mlimani. Usiku wa Juni 15 kuamkia 16 mawe yalishuka yakakomea karibu kabisa na nyumba. Hakuna aliyeumia.

Kipimo peke yake hakitoshi, nakubali. Mlima uliokuwa juu ya bwawa la Vajont, Italia, ulipimwa hadi kasi yake ikafikia takriban sentimita 20 kwa siku, lakini vijiji vilivyo chini ya bwawa havikuhamishwa. Oktoba 9, 1963 mlima ukaporomokea bwawani, maji yakaruka ukuta, na watu wapatao 2,000 wakafa. Kosa lilikuwa la waliokuwa na namba mkononi.

Setilaiti ituchagulie mlima wa kuangalia. Lakini fedha za betri, za nyaya zinazokatika na za fundi wa kuzirudishia zisiguswe kwa kisingizio kwamba picha ni za bure.