Kukimbia Pekupeku Si Mazoezi

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya Julien Alfred, mwanariadha wa mbio fupi kutoka kisiwa cha Saint Lucia huko Karibi, akishangilia Paris, na chini yake mtu ameandika kwamba binti huyu alikimbia pekupeku na sare ya shule mpaka akatwaa dhahabu ya Olimpiki, kwa hiyo vijana waache kulialia kuhusu viwanja. Nimeyasoma maneno hayo mara tatu, na kila mara yamenikera zaidi.

Ni kweli alikimbia pekupeku. Alilisema mwenyewe baada ya fainali ya mita 100 ya tarehe 3 Agosti 2024, aliyoimaliza kwa sekunde 10.72 huku mvua ikinyesha, akimwacha Mmarekani Sha'Carri Richardson aliyeshika nafasi ya pili kwa sekunde 0.15, pengo ambalo katika mbio hizo ni shamba zima. Wasambazaji wa picha, hata hivyo, humkata kauli. Katika maelezo hayohayo alisema kwamba kwao Saint Lucia vifaa ni haba, uwanja haujatengenezwa, na anatumaini medali hiyo itasaidia kujengwa mwingine. Bingwa analalamikia uwanja siku ileile ya ushindi wake, nasi tunalitumia jina lake kuwanyamazisha wanaolalamikia viwanja. Hongera zetu.

Uwanja wenyewe una kisa chake. Mwaka 2009 hospitali ya St. Jude iliyopo mji wa Vieux Fort, Saint Lucia, iliungua, wagonjwa wakahamishiwa katika Uwanja wa George Odlum, na makao hayo ya muda yakadumu zaidi ya miaka kumi. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba nchi yenye watu wapatao 180,000 ikilazimika kuchagua kati ya wodi na njia za kukimbilia, itachagua wodi, na ni haki yake. Lakini dharura inayozidi miaka kumi huwa imeshageuka mazoea, na mtoto aliyekuwa na umri wa miaka minane hospitali ilipoungua hawezi kuambiwa asubiri kukua.

Basi nani alimfikisha Paris, ikiwa si nyayo tupu? Alipofiwa na baba yake akiwa na miaka 12, aliacha riadha, na ni kocha Cuthbert Modeste aliyemshawishi arudi. Akiwa na miaka 14 alifungasha virago na kwenda Jamaika peke yake, kusoma St. Catherine High mjini Spanish Town, katika nchi ambayo mashindano ya riadha ya shule za sekondari yamekuwapo tangu 1910 na huujaza uwanja wa taifa. Hebu mfikirie mtoto wa umri huo, mwaka mmoja au miwili baada ya msiba, akimuaga mama yake ili apate mahali pa kukimbilia. Baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Texas, chini ya kocha Edrick Floréal, alikokuwa na ukumbi wa mazoezi, wataalamu wa misuli na mashindano ya kila wiki, na mwaka 2023 akakimbia mita 60 kwa sekunde 6.94. Hata alipoenguliwa katika nusu fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022 kwa kuchomoka kabla ya mlio, alikuwa na mahali pa kurudi kurekebisha kosa hilo. Dhahabu ya mita 60 ya mashindano ya dunia ya ukumbini, Glasgow, Machi 2024, fedha ya mita 200 Paris na shaba ya mita 100 ya mashindano ya dunia, Tokyo 2025, zote zimetokana na mfumo huo, ambao takriban kila tofali lake lilipangwa nje ya kisiwa chake.

Wapo watakaosema kwamba watu wa Karibi huzaliwa na mbio damuni; kwa hao sina la kusema, maana Saint Lucia ilikuwa na damu hiyohiyo miaka yote iliyokosa medali ya Olimpiki.

Usiku wa fainali ile, saa nne na ushei kwa saa zetu, jirani yangu aliyekuja kutazama aliniuliza kama yule binti ni Mjamaika. Nilimjibu, kwa majivuno ya mtu anayejua ramani, kwamba ni wa Saint Lucia, na wakati huo kwenye skrini Alfred alikuwa ameing'oa kifuani karatasi yenye jina lake na kuinyanyua ili dunia ilisome. Jirani akauliza, "Sasa huko kwao anafanyia mazoezi wapi?" Nilijifanya sikusikia.