Aliyepanda Mathenge Alipie Kung'oa

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye baraza karibu na Marigat, kaunti ya Baringo. Afisa mmoja alisimama akatwambia kuwa mathenge, ule mti vamizi wa miiba, iliyo shambani mwako ni mzigo wako: ing'oe, la sivyo sheria ipo. Shangazi yangu alikuwa amekaa mbele yangu. Aliinama akawa anachora udongo kwa ncha ya bakora. Hakusema neno hadi tulipofika nyumbani, na mimi usingizi ulinipaa.

Sheria ipo, sikatai. Mathenge ilitangazwa gugu hatari mwaka 2008, na Sura ya 325, sheria ya Kenya ya magugu hatari, inamtaka mwenye ardhi aisafishe ardhi yake. Lakini nani aliyeileta Baringo? Miche iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mradi wa serikali na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ili tupate kuni na jangwa lizuiwe. Wazee wetu waliipokea kwa moyo safi. Mwaka 2006, wakazi walipoishtaki serikali, mbuzi kibogoyo alipelekwa mpaka mahakamani Nairobi. Watu walicheka. Aliyefuga mbuzi hakucheka, kwa sababu sukari ya maganda ya mathenge huozesha meno, na mnyama asiyeweza kutafuna hufa njaa huku amesimama kwenye majani.

Sasa tuzungumze gharama. Shangazi ana ekari mbili. Mwaka juzi tuliweka vibarua wanne kwa siku tisa, kila mmoja shilingi 600 kwa siku. Hiyo ni 21,600, kabla ya chai na kabla ya dawa ya yule kijana ambaye mwiba ulipenya akala zake ukamwingia unyayoni. Mbuzi waliuzwa ili tulipe. Na mathenge haikatwi kwa panga ukaenda zako. Ukiikatia juu ya ardhi umeipogoa tu. Kisiki kinatoa machipukizi mengi na unarudi kukuta kichaka kizito kuliko cha mwanzo. Lazima uchimbe, ukate mzizi chini ya ardhi, kisiki kitoke kizima. Tulifanya hivyo. Kisha mvua ikanyesha, miche ikaota upya.

Ilitoka wapi? Ng'ambo ya ua kuna shamba ambalo mwenyewe alihamia mjini, na limefunga kabisa. Mbuzi wanakula maganda kule, wanakuja kulala huku, na mbegu hupita tumboni salama, zikaanguka pamoja na mbolea yao. Shangazi angeweza kuuza zizi zima na bado asingeshinda peke yake.

Ndiyo maana naitaka kaunti yetu itenge fungu la kung'oa mathenge katika kila wadi iliyovamiwa. Mwenye shamba alete nguvu zake, kaunti ilipe vibarua, sururu, glovu na mbegu za nyasi za kufunika udongo. Mashamba yanayopakana yasafishwe kwa msimu mmoja. Malipo yasiishe siku kisiki kinapotoka: sehemu ibaki hadi mvua mbili zipite na miche mipya ing'olewe, maana hapo ndipo kazi zote za mathenge huharibikia. Afrika Kusini imekuwa ikiwalipa watu wasio na ajira kung'oa miti vamizi tangu 1995, chini ya mpango wa Working for Water. Walielewa kuwa maji ni ya wote, hata kama mti unaoyanywa umesimama kwenye shamba la mtu.

Wapo wanaosema tuichome makaa tu, itakwisha. Haya, nakubali, makaa ya mathenge yamelipa karo za watoto wengi, wadogo zangu wakiwemo. Ila mchoma makaa anataka kisiki kichipue. Mwenye malisho anataka kisiki kife. Tusiwachanganye hawa wawili tukasema tatizo limepata dawa.

Na mtaniambia pesa zitaliwa. Basi orodha ya waliolipwa, na ekari zao, ibandikwe mlangoni kwa chifu, kila jirani aisome. Sisi tunajua shamba la nani limesafishwa na la nani bado ni msitu.

Jumamosi nakwenda kwa shangazi na sururu mbili. Miche ya upande wa ua imenifika magotini, na ikipita kiuno itatulazimu kuweka vibarua tena. Mbuzi waliobaki ni sita.