Raha, sana, salama: maneno yetu yanavyosomeka Ufini

Ukifungua kamera ya simu iliyowekwa Kifini utakuta mahali pameandikwa salama. Si habari ya usalama wa picha zako. Kwa Kifini, salama ni umeme wa radi, na mwanga wa kamera hupewa jina hilohilo. "Salama iski puuhun" maana yake ni radi ilipiga mti.

Maneno ya namna hii ni mengi kuliko wageni wengi wanavyodhani. Raha ni pesa. Sana ni neno, ndiyo maana kamusi huitwa sanakirja. Kuu ni mwezi, wa angani na wa kalenda. Hai ni papa wa baharini, aina ni daima, laki ni sheria, kana ni kuku, lima ni ute. Kumi ni mpira, na barua ya chekechea ikitaka kumisaappaat inataka mabuti ya mvua. Sima, ambayo Mombasa ndiyo chakula cha kushibisha, huko ni kinywaji cha Mei Mosi: limau, sukari, maji na hamira kidogo, kisha zabibu kavu chache ndani ya chupa. Zabibu zikipanda juu, kinywaji kiko tayari.

Hakuna undugu hapo. Raha na salama zetu zimetoka Kiarabuni. Raha ya Wafini ilianza kwa maana ya ngozi ya mnyama wa manyoya, enzi ngozi zilipokuwa zikinunulia vitu. Kinachosababisha kugongana ni umbo la lugha zenyewe: zote mbili hupenda silabi inayoishia na irabu, na maneno ya asili ya Kifini hutumia konsonanti chache, hata b, f na g ni adimu. Kwa herufi hizo chache, lugha mbili zisizojuana lazima zitaangukia maneno yaleyale.

Nyumbani jambo hili ni la kila siku na halimsumbui mtu. Ukivuka kwenda Kampala, kati ni sasa na kale ni haya, sawa. Kisumu, kata kwa Kijaluo ni hata. Watoto wa miji hiyo hukua na maana zote mbili bila kufundishwa, kwa sababu neno huwafikia likiwa na mtu: sauti yake, uso wake, lugha ambayo hutumia siku zote. Ufini mambo mengi huja kwa maandishi, kuanzia barua za shule na fomu hadi skrini za mashine. Karatasi haina uso. Isitoshe, vifungashio vya vyakula huandikwa pia kwa Kiswidi, lugha ya pili ya taifa, na huko kaka ni keki, vita ni nyeupe, kula ni tufe au risasi.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wazazi wanaoacha kuzungumza Kiswahili na watoto wakidai kinawachanganya. Mtoto anayesikia lugha mbili kwa watu wawili huzitenga mapema. Kinachotatiza ni neno moja lililoachwa peke yake kwenye karatasi, na hilo lina dawa.

Tazama neno limevaa wapi. Kifini huongeza mwishoni: raha huwa rahaa, rahan, rahat. Kiswahili huongeza mbele: tuna raha, siku kuu, walio hai. Ukiona "ota rahat", ile t ya mwisho imeshakuambia ni Kifini: chukua pesa. Bila t hiyo, mtu wa kwetu angesoma habari za kuota ndoto.

Kisha sikiliza mkazo. Kifini hukaza silabi ya kwanza daima, sisi tunakaza ya pili kutoka mwisho. Salama yao ni SA-la-ma, yetu ni sa-LA-ma, basi zinatengana. Maneno ya silabi mbili kama raha na sana hayatengani kwa mkazo. Hapo tegemea sentensi.

Panapoumiza zaidi ni urefu wa sauti. Tuli ni moto, tuuli ni upepo, tulli ni forodha. "Tapaan sinut huomenna" ni nitakutana nawe kesho. Punguza a moja, "tapan sinut huomenna", umemwambia mtu utamuua kesho. Kwa irabu tuna pa kushikia, maana hakuna Mswahili anayechanganya kanga na kaanga, wala kufa na kufaa. Konsonanti mbili ndizo ngeni. Mato ni mnyoo, matto ni zulia. Kutamka tt, ulimi ugote kwenye t, ukae hapo kidogo bila sauti, ndipo uachie. Wengi wetu hukosea kwa kuongeza nguvu badala ya muda, na Mfini husikia t moja iliyopigiwa kelele.

Kwenye simu, ongeza Kiswahili kama lugha ya kuandikia na uzime masahihisho ya moja kwa moja, la sivyo sentensi zako zitapindishwa kimyakimya. Ukitafsiri, chagua lugha ya kuanzia kwa mkono. Mashine ikiachiwa kubahatisha neno pekee kama raha, haina cha kuishika. Ipe sentensi nzima.

Binti anayeitwa Salama au Raha ataulizwa darasani, tena mapema. Apewe jibu kamili nyumbani kabla ya kuanza shule: jina limetoka wapi, maana yake nini, linatamkwaje. Mtoto mwenye jibu hatanii jina lake ili kuwafurahisha wenzake.

Na masomo ya lugha ya mama yaombwe. Manispaa nyingi huyaandaa, kwa kawaida saa mbili kwa wiki, kundi likipata wanafunzi wa kutosha. Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi wa mji mmoja waandikishe watoto kwa wakati mmoja na wote wajaze Kiswahili kwenye fomu. Kila familia ikiomba kivyake mwaka wake, idadi haitimii na darasa halifunguliwi.