Simu Kapuni, Mkwe Baoni

Nani aliwaambia watu kwamba michezo ya jadi inatuliza akili? Nauliza kwa wema tu, sina ugomvi na mtu. Maana ipo sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ya mama mmoja mwenye maneno laini, anasema familia zetu zimepotea kwa sababu ya simu, turudi kwenye bao, vitendawili na hadithi, nyumba zitapata utulivu. Mke wangu kaisikiliza jikoni, simu kaiegemeza kwenye kopo la chumvi. Kairudia. Kisha kanirushia mimi niliyekuwa sebuleni. Kutoka jikoni hadi sebuleni kwetu ni pazia tu, lakini karusha.

Jioni ile ile sheria ikatangazwa: ikishaswaliwa magharibi, simu zote kapuni, kapu juu ya kabati, mpaka asubuhi. Nikajitetea kwamba mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi, na michango huingia usiku, watu wakishahesabu mauzo yao.

"Baba Zuhura," akasema, "tangu lini michango ikaingia?"

Hoja ikafia hapo. Kijana wangu akaiaga simu yake kama mtu anayesindikiza ndugu stendi. Binti akauliza kama kapuni kuna chaji.

Ningekuwa naishi na mke na watoto tu, wala nisingelalamika. Tungecheza karata, tungepiga miayo, saa tatu kila mtu kitandani kwake. Lakini nyumbani kwetu yupo baba mkwe.

Mzee katoka Pangani, kaja Dar es Salaam kutibiwa macho. Ana mtoto wa jicho. La kulia limefunga, la kushoto linaona kwa mgao. Kaja na kibegi cha nguo na bao. Bao lenyewe la mninga, zito, mashimo yamelainishwa na vidole vya watu ambao wengi wao sasa ni marehemu, na wote, kwa maelezo yake, aliwafunga. Kete zake ni komwe hasa, zile za kijivu za mkomwe, mti wa miiba unaoota pwani. Gololi hazitaki. Anasema gololi hazina adabu mkononi.

Kwa wenzangu ambao bao mnalijua kwa kulipita tu barazani, niwaeleze mateso yangu yalivyopangwa. Mashimo ni 32, kete 64, kila mtu na 32 zake. Kete 10 unazipanga: sita kwenye nyumba, yaani shimo lako kuu, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Zile 22 zinabaki, unazitia moja moja, na huko ndiko kunamua. Zikiisha ndipo mnaingia kwenye mtaji, mchezo wa watu wazima. Ukifungwa kabla hujazimaliza za kutia, hilo ni bao la mkononi, na ni aibu ya kuhama mtaa.

Mimi mtaji nausikia tu.

Sasa kufungwa si tatizo. Hata kwenye mpira tunafungwa na maisha yanaendelea. Tatizo ni mdomo. Bao halichezwi kimya. Nusu yake ni kete, nusu ni kejeli. Kete ya mwisho ya mwenzio ikiangukia shimo tupu, kalala, zamu imemtoka, na hapo unamuuliza kama aletewe shuka. Yeye naye akikupata anakurudishia, watu wa pembeni wanacheka, ndiyo raha yenyewe. Lakini huyu ni baba mkwe! Huyu namwamkia shikamoo hata tukigongana mlango wa choo. Yeye ana ruhusa ya kusema, mimi nina ruhusa ya kuitikia.

"Mkwe, umelala?"

"Nimelala, baba."

"Basi nipishe na mimi nitembee. Hii nyumba yako mbona naiona iko kwenye hifadhi ya barabara?"

"Naam, baba."

"Nimeshaipiga alama ya X."

"Asante, baba."

Ndiyo, nilisema asante. Wewe ungesema nini? Akaila nyumba yote, akaanza kuzigawa kutoka kichwani, shimo la mwisho wa safu, akala tena, akagawa tena. Nilikwenda kunywa maji nikarudi, mkono wake bado uko safarini na kete zangu.

Na msidhani macho yanamzuia. Anapapasa shimo kwa ncha ya kidole, anajua zimo ngapi. Za kwangu nazo anazijua. Mimi mwenye macho mawili mazima ndiye ninayeinama kuhesabu upya, yeye anatazama dari, anapiga mluzi.

Ukinung'unika anakukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere naye alikuwa mcheza bao. Hapo unabaki huna pa kushika. Kulikataa bao inakuwa kama umemkataa Baba wa Taifa, ndani ya nyumba yako, mbele ya watoto wako.

Kijana wangu naye badala ya kunitetea akaniongezea. Mchana mmoja, simu bado iko huru, akanisomea habari za Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, aliyewafuata mafundi wa bao Zanzibar, akawachunguza wanavyofikiri, akaandika tasnifu, na mwaka 1995 akapata shahada ya uzamivu Leiden. Sina neno na Mholanzi, kazi ni kazi. Ila yeye kawatazama mafundi wakicheza, kawa daktari. Mimi fundi ananimaliza mwenyewe, jioni kwa jioni, sijapata hata cheti cha mahudhurio.

Kinachoniuma zaidi ni binti yangu. Huyu ana miaka tisa na ni mjukuu, kwa hiyo ana leseni kamili ya utani. Babu yake anamwita "mke wangu", naye anamjibu hivyo hivyo. "We mzee, jicho hamna, meno hamna, na nyumba naichukua, utalala wapi?" Babu anacheka mpaka kofia inadondoka, anaiokota, anamwachia kete mbili. Maneno hayo hayo ningeyatamka mimi, ukoo ungeitwa kikao, na ningeulizwa mahari nilimaliza au bado.

(Bado, kwa taarifa yenu. Ndiyo maana naitikia kwa heshima zaidi.)

Mke wangu, mwenye sheria yake, bao haligusi. Yeye yuko upande wa pili wa mkeka na vitendawili. Alianza vizuri, na vile vya zamani. Kitendawili! Tega! Kuku wangu katagia miibani. Nanasi. Nyumba yangu haina mlango. Yai. Kila mtu anajua, kila mtu anapiga kelele, utulivu ule wa kwenye sauti ya yule mama sijui ulikuwa unachezewa nyumba gani. Kisha ikafika zamu ya watoto kutega.

"Namlisha usiku kucha, mchana ananililia njaa."

Simu.

"Analala kifudifudi, akiitwa anatetemeka."

Simu.

"Nikimshika mimi mama anafoka, akimshika mama anacheka peke yake."

Kimya. Mke wangu akatazama kabati, akatazama kapu, akasema hiki hakijui. Akaulizwa mara tatu, hakijui. "Haya toa mji!" Akatoa Dar es Salaam. Mtoto akaukataa, foleni. Akatoa Arusha, ukakataliwa, baridi. Wakaafikiana Zanzibar, na ikabidi wote tukae tusikilize jinsi mheshimiwa alivyopokelewa bandarini, akalishwa urojo, akatembezwa Forodhani, na mama yake kaachwa kwenye boti anatapika. Jibu la kitendawili hatukutajiwa mpaka leo.

Bado kuna shemeji, mdogo wake mke wangu, aliyekumbuka kwamba utotoni alikuwa bingwa wa mdako. Mdako unataka kashimo ardhini na vijiwe, na kwetu uwanja wote ni saruji. Mwenye nyumba aliimwaga hadi mguuni mwa mwembe. Shemeji akachora duara sebuleni kwa chaki, akaazima komwe za bao bila kumwambia mwenyewe. Anarusha moja juu, anazoa nyingine, anadaka, tunashangilia, mtu mzima anaruka na kanga inamfuata nyuma. Moja ikamponyoka, ikagonga ukuta, ikaingia gizani.

Mzee akaunyanyua mfuko wa kete, akaupima mkononi. "Zimo 63," akasema.

Nyumba ikasimama. Mzee akatangaza kwamba komwe ile ni ya tangu enzi za baba yake na yeye halali mpaka ipatikane. Taa yetu ya sebuleni mnaijua, ya kumulika dari tu, chini ya makochi hakufiki kitu. Tochi hakuna. Mshumaa hakuna. Tukatazamana. Mke wangu akavuta kiti, akapanda, akalishusha kapu.

Kila mtu akachukua simu yake, kwa ajili ya kurunzi tu, jamani, kurunzi tu.

Komwe aliipata mzee mwenyewe, kwa kupapasa, chini ya mguu wa kabati, dakika ile ile. Akaiweka mfukoni, akasema imepatikana. Hakusikia mtu. Msako uliendelea saa nzima. Watu wamelala matumbo chini ya makochi, kurunzi zimezimwa siku nyingi, nyuso zinang'aa. Kijana anatafuta nyuma ya friji, anacheka. Shemeji anatafuta uani, anamwambia mtu "na wewe umekula?" Mke wangu kajifungia chumbani, anasema huenda ilibiringikia huko, na kupitia mlangoni namsikia yule mama wa maneno laini akimhimiza aachane na simu.

Tangu hapo kila jioni kete inapotea. Mimi siulizi anayeificha ni nani. Ikipita saa mbili usiku haijapotea, naanza kupata wasiwasi, na ikibidi naisaidia.

Maana na mimi nina shughuli zangu. Katika msako wa kwanza ule niligundua kwamba bao limo hadi kwenye simu, nikalipakua, na sasa najifungia chooni nafanya mazoezi. Ni bao zuri sana. Linangoja. Nikifungwa linaandika kwamba nimefungwa, basi, haliulizi kama niletewe shuka wala halitaji hifadhi ya barabara. Huko nimefika mpaka kwenye mtaji! Nimeingia mtaji nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikatamani nimwite mtu aone, nikakumbuka niko wapi. Mke wangu kagonga mlango kuuliza kama tumbo bado linasumbua. Nikamwambia linasumbua. Kaniletea maji ya tangawizi.

Nikatoka huko kifua mbele, nikakaa mkekani, nikaomba bao kwa sauti ya kiume. Mzee akapanga. Nikatia ya kwanza, ya pili, nikala, nikagawa, kijana wangu akanyanyua macho. Mzee akaacha mluzi. Akapapasa nyumba yangu taratibu, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Mwanangu, umejifunza na nani? Huyo mtu hakupendi." Mkononi, tena. Kete zimebaki kumi na kitu kwenye kiganja, sijui nizipeleke wapi.

Naam, baba.

Sasa hospitali wamempa tarehe. Wanaanza na jicho la kulia, likitulia wanakwenda la kushoto, na daktari kasema ataona vizuri kabisa. Ndugu wamefurahi, kwenye kundi kila mtu kaandika amina, pesa kaandika mmoja, na huyo mmoja ni mimi. Jana mzee kaniita pembeni kunishukuru. Kanishika mkono, kaniombea dua ndefu, nikajisikia mtoto wa nyumba kweli. Halafu akasema, "Mkwe, nikishapona ndiyo tutacheza bao. Huku kote nilikuwa nabahatisha."